Lango la Darasa la Tatu

Oda iliingia saa tano usiku, Februari 2025, wakati nilikuwa nimeshazima taa ili tokeni zifike mwisho wa wiki. Kurasa nane, dedlaini saa mbili asubuhi. Maagizo yalikuwa mafupi: chagua jimbo moja la Marekani, eleza takwimu za shule zake za umma na jinsi wanafunzi wake wanavyofanya, kisha toa maoni yako. Hapo kwa maoni ndipo huwa nacheka kidogo. Maoni yanayotakiwa si yangu. Ni ya mtu fulani huko ambako bado ulikuwa mchana, mtu anayelipa karo ya chuo na bado anamlipa mwanamke wa Githurai amsomee.

Nitasema wazi ili tusipotezeane wakati. Kwa miaka minne nimekula kwa kuandikia wanafunzi wa nje insha zao. Akaunti si yangu, ya mtu mwingine, naye anakata asilimia yake kabla hata sijaona pesa. Nilianza nikiwa chuoni ili nilipe karo, halafu karo ikanishinda, nikaacha chuo, nikabaki na kazi. Kwa hivyo mimi sina digrii lakini nimeandika vipande vya digrii nyingi: uuguzi, biashara, saikolojia, hata theolojia. Sijivunii, na sijaja hapa kuomba msamaha pia. Kodi ya bedsita haingoji mtu amalize kujadiliana na dhamiri yake. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022 oda zimepungua sana, na zile zinazobaki ni za watu wanaoogopa kushikwa. Huyu alikuwa mmoja wao.

Nikachagua Mississippi. Kusema ukweli nilichagua kwa uvivu. Nilijua ni jimbo maskini, na kuandika kuhusu umaskini ni rahisi: unaweka takwimu mbili za kuhuzunisha, unalaumu serikali, unamaliza. Na kweli umaskini upo. Karibu mtoto mmoja kati ya wanne huko anaishi chini ya mstari wa umaskini wa Marekani, na pesa ambazo jimbo linatumia kwa kila mwanafunzi ni kati ya kiwango cha chini zaidi nchini. Majirani zao wana msemo wa zamani: ashukuriwe Mungu kwa Mississippi. Maana yake, hata ukifanya vibaya namna gani kwenye orodha yoyote, ukiangalia chini utamkuta Mississippi amekaa hapo anakushikilia mkia.

Niliujua huo msemo kabla sijausoma. Darasani kwetu kulikuwa na watoto ambao kazi yao ilikuwa hiyo, na mwaka mmoja nilikuwa mmoja wao. Nitarudi hapo.

Kuna mtihani unaoitwa NAEP, ambao serikali ya Marekani huufanya karibu kila miaka miwili kwa darasa la nne na la nane, kusoma na hesabu. Nilipofungua jedwali la kwanza nikaona Mississippi, darasa la nne, kusoma: 219. Kipimo ni kutoka 0 hadi 500. Nikaguna. Wewe uliyefanya KCPE unajua 219 juu ya 500 ni nini. Ni nyumba kunyamaza. Ni baba kutokula. Nikaandika aya nzima ya kusikitikia watoto wa Mississippi kabla sijateremka kwenye jedwali na kuona wastani wa nchi nzima: 214.

Nikafuta aya.

Basi ilinibidi nijifunze upya namna ya kusoma namba. Ile 500 yao si alama za kujaza kama zetu, ni ngazi, na mtoto wa miaka tisa hatarajiwi kuwa karibu na juu. Halafu kuna jambo lililonishangaza zaidi: hakuna mtoto anayepewa matokeo yake. Wanachagua sampuli ya shule, sampuli ya watoto, kila mtoto anafanya kipande tu cha mtihani, na kinachotoka ni picha ya jimbo. Hakuna namba moja anayobebwa nayo juu kwa juu mpaka kanisani. Mimi alama zangu za KCPE zilijulikana na muuza mandazi wa pale stendi ya Malava kabla Mathe hajajua. Nchi inaweza kumpima mtoto bila kumwambia yeye ni nani? Hilo sikuwahi kuliwaza.

Sasa namba zenyewe. Mwaka 2013, darasa la nne la Mississippi lilipata 209 katika kusoma, nchi ikiwa na 221. Jimbo lilikuwa la 49 kati ya 50. Mwaka 2024 lilipata 219, nchi 214, na jimbo likasimama la tisa. Hesabu pia: 231 dhidi ya 241 mwaka 2013, na 239 dhidi ya 237 mwaka 2024. Magazeti ya huko yakaita muujiza. Wenyewe hawapendi hilo neno, wanasema zilikuwa mbio ndefu. Na ukiangalia vizuri utaona kitu ambacho kichwa cha habari hakikwambii: Mississippi imepanda alama kumi, nchi imeshuka saba. Sehemu ya ushindi wake ni kwamba wengine wameteremka wakimpita njiani.

Lakini kumi ni kumi, na hazikutoka mbinguni. Mwaka 2000 tajiri mmoja wa huko, Jim Barksdale, na mkewe Sally walitoa dola milioni 100 kwa ajili ya kufundisha watoto kusoma tu, basi. Mwaka 2013 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kupandisha watoto darasa kwa kujua kusoma, na mwaka huo huo Carey Wright akaanza kazi kama msimamizi wa elimu wa jimbo, akakaa hadi 2022. Watoto wakaanza kupimwa kusoma mara tatu kwa mwaka kuanzia chekechea, na mzazi anaandikiwa barua mtoto akionekana anabaki nyuma. Walimu wakarudishwa shule kujifunza jinsi sauti na herufi zinavyoshikana, badala ya kumwacha mtoto akisie neno kwa kuangalia picha. Jimbo likaajiri makocha wa kusoma, likawatuma katika shule dhaifu zaidi wakae darasani na mwalimu, si kuja na faili na kuondoka baada ya chai. Usisahau hili ni jimbo ambalo mwaka 1956, baada ya mahakama kuu ya nchi kukataa shule za ubaguzi, lilifuta sheria ya kumlazimisha mtoto kwenda shule, na halikuirudisha hadi 1982. Kuna watu wanaoishi leo ambao walikuwa watoto wakati huo.

Na mwisho wa darasa la tatu wakaweka lango. Mtoto asiyefikia kiwango cha kusoma hapiti kwenda la nne. Anapewa nafasi nyingine mbili za kurudia mtihani, kuna misamaha kwa watoto wenye ulemavu na wanaojifunza Kiingereza upya, lakini baada ya hapo, anabaki. Mwaka wa masomo wa 2018-19, baada ya kiwango kuinuliwa, karibu mtoto mmoja kati ya kumi wa darasa la tatu alibaki.

Hapo nikasimama. Nikaenda kuchemsha chai ambayo sikuitaka.

Mwaka 2011 nilikuwa darasa la saba. Muhula wa tatu mwalimu mkuu alimwita Mathe shuleni. Nilikuwa nimesimama nje ya ofisi, dirisha likiwa wazi, kwa hivyo sikuambiwa na mtu. Alisema, "Mama, huyu tukimpeleka la nane atatuangushia wastani." Mathe akauliza kama kuna masomo ya ziada. Akaambiwa mtoto atarudia tu, atakomaa. Kama ndizi. Tulikuwa tisa tuliorudishwa mwaka huo.

Kuripiti, tuliita. Hakuna aliyenipima kujua kwa nini sielewi. Hakuna kocha aliyekuja. Nilirudi kwenye dawati lile lile, kitabu kile kile, mwalimu yule yule na mifano yake ile ile, tofauti pekee ikiwa kwamba sasa magoti yangu hayakuingia chini ya dawati. Nilijua vichekesho vyake vyote kabla hajavisema. Nilipofanya KCPE mwaka 2013 nilipata 331, na mwalimu mkuu alitumia 331 yangu kama ushahidi mbele ya wazazi kwamba kurudia kunasaidia. Labda. Labda pia nilipata 331 kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na tano nikishindana na watoto wa kumi na tatu.

Lakini si mimi ninayemfikiria. Kati ya wale tisa kulikuwa na msichana niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la nne. Yeye alirudi wiki mbili, halafu akaacha kuja. Hakukuwa na kelele. Jumatatu moja kiti kilikuwa kitupu, na kufikia Ijumaa mtu mwingine alikuwa amekikalia. Wastani wa shule yetu ulipanda mwaka ule, tukachinjiwa mbuzi wawili. Yeye hakuwemo katika ule wastani. Hakupata alama mbaya, hakufeli chochote, kwenye karatasi hakuharibu kitu. Namba ilipendeza kwa sababu yeye hakuwa ndani yake.

Kwa hivyo unaelewa kwa nini saa saba za usiku nilikuwa nikitafuta wakosoaji wa Mississippi kwa hamu isiyo ya kawaida kwa kazi ya shilingi mia nne kwa ukurasa. Nilitaka iwe ni ule ujanja wetu. Na wakosoaji wapo. Hoja yao ni ile ile: ukiwazuia watoto dhaifu zaidi darasa la tatu, wanaofika la nne ni waliochujwa, na hata waliochelewa wakifika wanakuwa na mwaka mzima zaidi kichwani. Lazima alama zipande.

Ila hoja haikukaa vizuri nilivyotaka. Wale watoto hawapotei. Mwaka unaofuata wanafika la nne na wanaingia kwenye hesabu. Tena Mississippi ilikuwa ikiwarudisha watoto wengi hata zamani, kabla ya sheria, ilipokuwa ya 49. Kwa hivyo kurudisha peke yake hakuelezi kitu. Kinachoonekana kubadilika ni kile mtoto anachokuta akirudi: sheria yao inasema anayebaki apewe mafunzo mengine, ya karibu, kila siku, pamoja na mwalimu aliyeonyesha kwamba anaweza. Lango ni lile lile la kwetu. Nyuma ya lango ndiko kulikuwa na kitu.

Nilikasirika, nisikufiche. Nilikuwa nimejenga maisha yangu ya utu uzima juu ya imani kwamba kumrudisha mtoto ni ukatili, nukta. Sasa namba zilikuwa zinaniambia kwamba nilichofanyiwa mimi hakikuwa hata hicho wanachobishania. Nilifichwa tu.

Kisha nikaona jedwali la darasa la nane. Kusoma, 2013: 253. Kusoma, 2024: 253. Miaka kumi na moja, watoto wale wale waliopita lango kwa shangwe, wakifika la nane wako palepale walipokuwa kaka zao. Pengo na nchi limepungua, ndiyo, lakini kwa sababu nchi imeshuka kutoka 266 hadi 257. Jambo zuri linafanyika darasa la nne halafu linafifia mahali fulani kati ya miaka kumi na kumi na tatu. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu bora ya insha yangu. Niliandika kurasa mbili za hilo nikiwa macho kabisa, kama mtu anayeandika jina lake mwenyewe juu.

Nikatuma saa moja na dakika arobaini. Saa tatu klaenti akajibu. Anashukuru, ni nzuri, ila mwalimu wake anapenda mambo yenye matumaini, tafadhali ondoa sehemu ya darasa la nane, inachanganya. Mwishoni aliweka kopo la moyo. Emoji, namaanisha, lakini wakati huo nililiona kama kopo, kitu cha kutupiwa sarafu. Kutoka kwa jina la somo nilijua anasomea ualimu wa shule ya msingi.

Niliondoa. Ningependa kukuambia nilikataa. Niliondoa kurasa mbili, nikajaza na aya za makocha na Barksdale, nikalipwa 3,200 kabla ya makato, nikanunua unga na bando. Mahali fulani kuna mtu atasimama mbele ya watoto wa darasa la tatu akiamini kwamba ukivuka lango umemaliza, na mimi ndiye niliyemwandikia hivyo kwa Kiingereza safi.

Sheria yetu ya Elimu ya Msingi pia ni ya 2013. Ilitiwa saini Januari, miezi mitatu kabla ya ile ya Mississippi, na inasema kinyume: mtoto asizuiwe darasa. Mimi nilikuwa nimesharudishwa tayari. Mwaka ule ule, nchi moja na jimbo moja, mmoja amefunga lango na mwingine ameling'oa. Mwishoni mwa 2014 wizara ikapiga marufuku hata kupanga shule na watahiniwa kwa nafasi, na mwaka 2023 KCPE yenyewe ikafanywa mara ya mwisho. Sikuwahi kushangilia kitu cha serikali kama hicho. Wakati huo nilifikiri shida ilikuwa namba.

Aprili nilienda nyumbani. Mtoto wa kaka yangu anaishi na Mathe kwa sababu baba yake anafanya kazi Mombasa. Yuko Gredi ya tatu. Ripoti yake ilikuwa imekunjwa ndani ya Biblia, na karibu kila mstari wa kusoma ulisema: chini ya matarajio. Hakuna alama, hakuna nafasi, hakuna aibu ya juu ya ngapi. Lugha ya upole kabisa.

"Mwalimu anasema nini?" nikamuuliza Mathe.

"Anasema atapita tu. Siku hizi hawarudishi mtoto."

"Na wewe unaonaje?"

"Apite aende wapi, na hajui kusoma?"

Nilimwita aniletee kitabu cha Kiswahili. Akafungua, akasimama wima, akasoma ukurasa wote bila kukosea, sauti juu, macho yakiwa mlangoni. Nikamsifu. Kisha nikaweka kidole katikati ya mstari wa tatu, nikamuuliza hili ni neno gani. Akanyamaza. Akarudi mwanzo wa ukurasa, akaimba mistari miwili kwa haraka, midomo ikienda kama ya mtu anayehesabu pesa, mpaka akalifikia. "Kuku," akasema. Lilikuwa "kaka". Darasa lao lina watoto zaidi ya sitini na wanasoma kwa pamoja, mwalimu akitangulia. Kwa miaka mitatu alikuwa kwenye kwaya.

Hapa kwetu tunayo namba ya watoto kama yeye. Uwezo walikuwa wakienda nyumba kwa nyumba kuanzia mwanzoni mwa muongo uliopita na karatasi ya kiwango cha darasa la pili, wakimpima mtoto nyumbani kwao, aliye shuleni na asiye shuleni. Ripoti baada ya ripoti zilitoa jibu lile lile: takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu ndio wanaoweza kazi ya darasa la pili. Ile dawati mate wangu, kama wangepita kwao 2012, wangemhesabu. Namba ya shule ilimtoa, namba ya nyumbani ingemwingiza. Nimelifikiria hilo sana. Lakini pia nimefikiria kwamba wangempima, wangemshukuru mama yake, na wangeenda nyumba inayofuata.

Mathe aliniuliza swali ambalo nilikuwa nimelipwa kulijibu miezi miwili kabla. "Sasa wewe uliyesoma, tumrudishe au apite?"

Hakuna anayeniita niliyesoma isipokuwa yeye. Anajua niliacha chuo. Anaendelea tu.

Nilimwambia akirudi kwenye kwaya ile ile ni kazi bure, na akipita bila kusoma ni kazi bure. Akaniangalia kama mtu aliyeuliza bei akaambiwa historia ya soko. Basi nikasema nitampigia kila Jumamosi.

Kwa hivyo sasa Jumamosi saa tatu asubuhi napiga kwa kabambe ya Mathe, anaweka spika, na tunafanya silabi. Ka, ke, ki, ko, ku. Vile vile Mathe alivyofundishwa, vile vile walimu wa Mississippi walivyolazimika kurudi kujifunza kwa mamilioni ya dola. Kiswahili kina huruma, kinasomwa kama kinavyoandikwa. Kiingereza kitatuua baadaye. Wakati mwingine mtandao unakatika katikati ya neno nabaki na nusu ya silabi sikioni. Wiki mbili za kwanza alikuwa anabuni. Nilikuwa namsikia akikimbia kutafuta wimbo wa kujificha ndani yake, na hakukuwa na wimbo, kwa sababu nilimwambia Mathe ampe vitu visivyo kitabu: pakiti ya majani chai, kalenda ya sako, risiti ya mbolea.

Jumamosi iliyopita alipewa pakiti ya chumvi. Alichukua muda mrefu hadi nikafikiri salio limeisha. Kisha nikasikia, chu, halafu kimya, halafu m, halafu vi. Chum. Chumvi. Mathe akacheka kwa nyuma.

"Senje," akasema, "nimepata ngapi?"

Nikamwambia ageuze pakiti, asome upande wa pili.